KUUGUZA NI IBADA: HAKI ZA MKE NA MUME ALIYELAZWA MBALI NA NYUMBA YAKE

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba siha na maradhi, na Rehema na Amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyefuata uongozi wao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Katika darasa zetu tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara, na wanaume na wanawake, suala moja ambalo zamani halikuwa likiulizwa sana katika miji yetu ya pwani. Suala lenyewe ni hili: Mtu mkewe amepatwa na kiharusi, nusu ya mwili imelala, hajigeuzi wala hajilishi, au mwanamke mumewe ameshikwa na maradhi ya kusahau, hata haijui nyumba yake wala jina la mwanawe. Watoto wametawanyika, huyu yuko Nairobi, yule yuko Maskati, wa tatu yuko Uingereza. Aliyebaki nyumbani ni mmoja, naye ni mzee, hana nguvu za kumwinua mwenziwe kitandani. Madaktari wameshauri mgonjwa awekwe mahali penye wauguzi usiku na mchana. Je, kufanya hivyo ni kumtupa? Na akishawekwa huko, haki zake juu ya mwenziwe zimekwisha, au zingali pale pale?

Tumeona ni wajibu wetu kuyaandika majibu haya, kwani watu wamegawanyika mafungu mawili, na yote mawili yamekwenda kombo. Fungu la kwanza husema kwamba kumtoa mgonjwa nyumbani ni aibu na ni kuiga watu wasio na huruma. Basi humzuia mgonjwa ndani mpaka mgongo wake ukatoka vidonda, na anayemuuguza naye akaanguka. Fungu la pili humpeleka mgonjwa, wakalipa mwezi wa kwanza, wakaenda kumtazama Ijumaa moja au mbili, kisha wakamsahau kama mtu aliyekwisha zikwa. Dini yetu haiko na hawa wala haiko na wale.

Tutasema kwanza juu ya daraja ya kazi hii. Watu wengi wadhani ya kuwa ibada ni swala na saumu na kusoma, na kwamba mtu aliyeshughulika na mgonjwa amezuiwa na ibada. Na tuitazame sira ya Mtume wetu (S.A.W.). Katika mwaka wa 2 wa Hijra, Waislamu walipotoka kwenda Badri, Bibi Ruqayya binti wa Mtume alikuwa hawezi, naye ni mke wa Sayyidna Uthman bin Affan. Mtume akamwamuru Uthman abaki Madina amuuguze mkewe, na akampa bishara kwamba ana thawabu za mtu aliyehudhuria Badri na fungu lake katika ngawira. Khabari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Bibi Ruqayya hakupona. Zayd bin Haritha alipofika Madina na habari ya ushindi, aliwakuta watu wamo katika kumzika.

Ndugu msomaji, lizingatie jambo hili. Badri ndiyo siku iliyo bora katika siku za Uislamu, na waliohudhuria wana cheo kisichofikiwa. Mtu mmoja alikosekana kwa sababu alikuwa kando ya kitanda cha mkewe, naye akahesabiwa pamoja nao. Wala hakuambiwa, “Waachie wanawake kazi hiyo.” Basi yule mume wa Kisauni au Majengo ambaye kila siku baada ya Alasiri huchukua chupa ya uji akapanda matatu kwenda kumlisha mkewe kijiko kwa kijiko, naye aona haya kwamba haonekani barazani wala darasani, na ajue ya kwamba hakukosa kitu. Na wale wamwonao akipita, wakasema amekuwa mtumwa wa mkewe, waogope kuicheka kazi ambayo Mtume mwenyewe aliiamuru.

Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Na katika maradhi yake ya mwisho, mwaka wa 11, Mtume aliwaomba wakeze ruhusa auguzwe katika chumba cha Bibi Aisha, nao wakampa. Hapa mna mafunzo mawili. La kwanza, ya kuwa mgonjwa ana haki ya kuulizwa apenda kuuguzwa wapi na nani, maadamu akili yake ingalipo. La pili, ya kuwa hata Mtume hakulichukua jambo hilo kwa nguvu, bali aliomba idhini ya wenye haki. Ni mara ngapi kwetu sisi mgonjwa huamuliwa na mashemeji na mawifi mlangoni, naye amelala pale asikia kila neno, wala hapana mtu aliyegeuka kumwuliza?

Sasa tuje kwenye suala lenyewe: je, yafaa mgonjwa kuwekwa katika nyumba ya wauguzi? Twajibu ya kwamba yafaa, na wakati mwingine hulazimu, ikiwa maslaha ya mgonjwa yapo huko. Wala si kweli kwamba jambo hili limetoka kwa watu wengine. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5, Saad bin Muadh alipopigwa mshale, Mtume alimwekea hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye apate kumzuru. Na katika sira imetajwa kwamba hema ilikuwa ya mwanamke jina lake Rufaida, aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Saad alikuwa na kabila lake na nyumba yake, na juu ya hayo aliwekwa penye tiba.

Kisha wakaja makhalifa na wafalme wa Kiislamu. Wanahistoria wamesimulia kwamba Al-Walid bin Abdul-Malik, katika mwaka wa 88 wa Hijra, yaani 707, aliwatengea wenye ukoma mahali pao na riziki yao, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu wa kumwongoza. Nuruddin Zanki alijenga hospitali yake katika Damascus mwaka 1154. Sultani Qalawun akajenga ya Kairo, iliyokwisha mwaka 1284, akaiwekea wakfu wa maduka na majumba ili mapato yake yawalishe na kuwatibu wagonjwa, maskini na tajiri, wanaume kwa wanawake, kila namna ya maradhi mahali pake, hata waliopotewa na akili. Hayo yalikuwapo zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Basi anayesema kwamba nyumba ya wagonjwa ni bidaa ya wageni, hakuzisoma habari za watu wake mwenyewe. Bali lililo la kuona haya ni kwamba wao waliziwekea wakfu nyumba hizo, na sisi leo twaweka wakfu mikeka na mapanka ya msikiti, tukadhani tumemaliza.

Lakini kufaa huku kuna masharti. Mwenye kumpeleka mwenziwe na atazame kwanza: Je, wanawake huogeshwa na wanawake, na tupu ya mgonjwa husitiriwa? Je, chakula ni halali? Je, usiku wako wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi? Je, mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, ili asitokwe na vidonda vya kulalia? Je, jamaa zake waruhusiwa kuingia wakati wowote, ama milango hufunguliwa saa moja tu kwa siku? Ikiwa mahali penyewe ni hospitali, ina leseni ya Baraza la Madaktari, yaani KMPDC? Na malipo yameandikwa, au hutajwa mdomoni tu na kila mwezi yakazidi? Na mganga au muuguzi asiyekuwa Mwislamu hapana ubaya, akiwa ni mjuzi na mwaminifu. Mtume katika safari yake ya Hijra alimwajiri Abdullah bin Urayqit awe mwongozi wa njia, naye alikuwa hajasilimu, na wanazuoni wameifanya habari hiyo kuwa hoja katika mlango wa tiba.

Hapa yatubidi tutaje jambo la mali, kwani ndipo penye fitina. Imeandikwa katika vitabu vya fiqhi vya wanazuoni wengi wa zamani, na wa madhehebu yetu ya Shafi wamo, ya kuwa bei ya dawa na ujira wa tabibu havimo katika nafaka inayomlazimu mume. Walifananisha na mpangaji, ambaye ni juu yake kuifagia nyumba, wala si juu yake kuujenga ukuta ulioanguka. Watu wengine wameishika kauli hii kwa meno. Mkewe akiwa mzima ndiye mpishi wake na mlezi wa wanawe, akiugua, humrudisha kwa kaka zake, akasema: “Vitabu vimenisamehe.”

Twasema: Wanazuoni wale, Mungu awarehemu, walisema kwa zama zao, wakati tiba ilipokuwa ni majani na hijama, na mtu huugua siku chache akapona au akafa. Leo dawa ya sukari na ya shinikizo la damu ni kama mkate. Mtu haishi ila kwayo. Kwa ajili hiyo wanazuoni wa karne hii, kama Sheikh Wahba Zuhayli wa Sham aliyefariki mwaka 2015, wameeleza kwamba haja ya tiba katika zama zetu imekuwa kama haja ya chakula au zaidi, na kwa hivyo ni katika nafaka. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nisaa, aya ya 19, amewaamuru waume wakae na wake zao kwa wema. Ni wema gani wa mtu anayekula matunda ya mti miaka thelathini, na siku ulipokauka tawi asiumwagie maji? Tena hata yule ashikaye kauli ya zamani na afahamu ya kuwa maana yake ni kwamba kadhi hamlazimishi. Wala maana yake si kwamba Mungu amependa aache. Baina ya kile ambacho kadhi hulazimisha na kile anachokiridhia Mola pana uwanja mpana, na katika uwanja huo ndipo watu hupimwa.

Ama mwanamke ambaye mumewe ndiye mgonjwa, mali yake ni yake, na sheria haikumlazimisha kumlisha mumewe. Lakini akitoa, ana ujira mara mbili, kama Mtume alivyomjibu Zainab mke wa Abdallah bin Masud: ujira wa jamaa na ujira wa sadaka. Na katika madhehebu yetu yafaa mke kumpa zaka yake mumewe aliye fakiri. Twayataja haya ili yule mama anayeuza mahamri na viazi alfajiri apate kulipa kitanda cha mumewe ajue kwamba kila shilingi yake imeandikwa.

Wala watu wasiache njia zilizowekwa na serikali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya zamani ya NHIF imekwisha, na mahali pake ni SHA, ambayo mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiyekuwa na mshahara hujiandikisha na kukadiriwa. Mgonjwa asiyeandikishwa hukutwa na hesabu nzima mlangoni. Basi na wahimizane watu wa mtaa kuwaandikisha wazee wao kabla ya ndwele haijabisha hodi.

Kisha kuna dhulma nyingine inayotendeka kando ya vitanda hivi. Mgonjwa hajafunga macho, na jamaa wamekuja na karatasi ya shamba na wino, wakachukua kidole chake wakakibandika. Fahamuni, ndugu zetu, ya kuwa aliyepotewa na akili mapatano yake hayasihi, awe ameweka kidole au saini. Na aliye na akili yake lakini yumo katika maradhi ya mauti, zawadi anazotoa huhesabiwa katika thuluthi kama wasia, na mrithi hapewi ila kwa ridhaa ya warithi wenziwe. Mume au mke ndiye mlinzi wa mwenziwe katika jambo hili. Asikubali kuwa mlango wa wezi, wala yeye mwenyewe asiwe mwizi wa kwanza. Panapo shaka na waende kwa kadhi na kwa wakili mwaminifu, kabla ya kutia saini si baada yake.

Tumeulizwa pia juu ya mume ambaye mkewe amelala miaka, naye ataka kuoa wa pili. Hatuwezi kuharimisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Lakini twamkumbusha mambo mawili. Kwanza, fedha ya dawa ya mgonjwa haiwi mahari ya mke mpya. Pili, wanazuoni wetu wameandika waziwazi kwamba mke mgonjwa haki yake ya zamu haianguki, kwa kuwa makusudio ya zamu ni kuliwazana wala si kingine. Basi ikiwa yuko katika nyumba ya wauguzi ambako mtu haruhusiwi kulala, sisi twaona kwamba fungu lake la kuliwazwa halijafa, na lipwe kwa saa za mchana. Mume akampa nusu saa kwa mwezi, akasema nimefanya uadilifu, na atayarishe jawabu lake.

Na huko kitandani afanye nini? Wengi hukaa wakamkodolea macho mgonjwa, au wakatazama simu, kisha wakaondoka. Kazi zipo tele. Amlishe, naye awe ameketi si amelala, kwa vijiko vidogo, wala asimharakishe, kwani mwenye kiharusi hupaliwa upesi. Na baada ya kula amwache ameketi kama nusu saa. Ampanguse meno na ulimi. Amkate kucha, ampake mafuta visigino, amtengeneze nywele. Ambadilishie nguo zake mwenyewe alizozizoea, leso yake au kikoi chake, asiwe kila siku katika shuka za watu. Aliyefunga naye ndoa ndiye aliyeruhusiwa kuona asichoruhusiwa mwingine. Qurani, katika Sura ya Baqara, imewafananisha mke na mume na vazi, kila mmoja kwa mwenziwe. Na wakati ambao mtu ahitaji zaidi vazi ni pale anapokuwa hawezi kujisitiri mwenyewe.

Na amsaidie katika dini yake. Swala haikuanguka kwa mwenye akili. Imran bin Husayn alikuwa na maradhi, na Mtume akamwambia aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Maji yakimdhuru, atayamamu. Asiyeweza kuzuia mkojo atasafishwa, atafungwa kitambaa, atatawadha kila wakati wa faradhi unapoingia, na kinachotoka baadaye hakimdhuru. Na mwenye mashaka ya kutawadha kila swala, Imam Nawawi, ambaye ni katika nguzo za madhehebu yetu, ameitia nguvu kauli ya kujuzu kuchanganya swala mbili kwa ajili ya maradhi. Saumu, ikiwa hapana tarajio la kupona, atalishwa maskini kibaba kimoja kila siku. Na aliyepotewa na akili kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi, wala asisumbuliwe kwa kuambiwa “Simama uswali.” Wengi wametuambia kwamba wazee wao wamesahau majina ya watoto, lakini Fatiha wakisomewa huifuata mpaka mwisho. Basi wasomewe, kwani hiyo ni liwazo lao, na ni neema Mungu aliyowabakishia.

Juu ya maradhi haya ya kusahau twataka kusema neno la mkazo. Si jini, wala si kijicho, wala si laana ya mzee. Ni maradhi ya ubongo, yajulikanayo na madaktari. Na hata sasa hayana dawa ya kuyaponya, lakini yana njia za kuyapunguza makali yake. Mgonjwa humtuhumu mkewe kuwa amemwibia, humwita mumewe kwa jina la kaka yake aliyekufa, hulia usiku ataka kurudi kwao, naye yuko kwao. Anayemuuguza asibishane naye, bali amtulize na kumgeuzia maneno. Kumpeleka kwa mganga akapungwa, akafukizwa, akachapwa ili pepo atoke, ni dhulma juu ya mtu asiyeweza kujitetea; na kumfunga hirizi ni katika yaliyokatazwa na Mtume. Tiba ya Sunna ni kumsomea maneno ya Mwenyezi Mungu na dua zilizopokewa, pamoja na kufuata dawa, kwani Mtume amesema kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na tiba. Kadhalika mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali asinyimwe dawa ya maumivu kwa kudhaniwa kwamba subira ni kupiga kelele usiku kucha. Dawa hizo, zikitolewa na daktari kwa kipimo, ni halali. Kazi ya kuwatuliza wagonjwa wa namna hii ilianza kupangwa London mwaka 1967 na daktari mwanamke Cicely Saunders. Nairobi ilipata nyumba yake, Nairobi Hospice, mwaka 1990. Na Mombasa kuna Coast Hospice. Mwenye mgonjwa na akaulize huko mapema, asingoje siku ya mwisho.

Sasa twageuza uso kwetu sisi wote, tusiokuwa na mgonjwa leo. Katika miji yetu mtu akifa, mtaa mzima huhamia kwake. Sinia zatoka kila nyumba, na pengine wafiwa ndio hubebeshwa kuwapikia watu pilau. Asli ya jambo hili ni kwamba Mtume, alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika Muta mwaka wa 8, aliamuru jamaa zake wapikiwe, kwa sababu wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Itazameni sababu yenyewe: kushughulika. Na ni nani aliyeshughulika zaidi kuliko mwanamke anayevuka kivuko cha Likoni kila siku kwa miaka mitatu kwenda kwa mumewe hospitali, akarudi usiku, jiko limepoa? Miaka mitatu hapana aliyempelekea sahani ya wali. Siku mumewe atakapokufa, zitakuja sinia arubaini. Chakula hicho kilichelewa, Waislamu! Laiti kila nyumba ingalipeleka sahani moja kwa mwezi wakati mtu yu hai, ingalikuwa ni Sunna zaidi kuliko khitima zetu za fahari na hesabu za ng'ombe waliochinjwa.

Na mwenye kuuguza naye ni mwili. Mtume alimkubalia Salman aliposema kwamba nafsi yako ina haki juu yako na jamaa zako wana haki juu yako. Basi akilala usiku mmoja nyumbani, asiambiwe amechoka na mwenziwe. Na dada wa mgonjwa, na kaka, na watoto walioko ng'ambo, wasidhani kwamba fedha wanayotuma kwa simu yatosha. Na waje wiki mbili, waikamate zamu, ili mama yao apate kulala. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uweza wake. Nasi tusiwakalifishe watu zaidi ya alivyowakalifisha Yeye.

Ama wazuru, na wawe na adabu. Wasikae mpaka mgonjwa akataka kujisitiri akaona haya. Wasihadithiane mbele yake nani amekufa kwa ugonjwa kama huo. Wasitoke hapo wakaenda kutangaza barazani jinsi walivyomwona. Wasimwulize mke, “Bado tu?” Neno hili dogo limewaumiza watu wengi. Katika hadithi iliyo katika Sahihi ya Muslim imekuja kwamba Mola siku ya Kiyama atamwuliza mja kwa nini hakuja kumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja atastaajabu, na ataambiwa kwamba fulani aliugua, na lau angalimwendea angalimkuta Mungu kwake. Basi aingiaye katika chumba hicho na ajue anaingia mahali gani.

Na tuliyoyasema yote twayakusanya kwa maneno machache. Kumweka mgonjwa penye wauguzi si kumtupa. Kumtupa ni kutomwendea. Kitanda kimehama, ndoa haikuhama. Mume angali mume, mke angali mke, na ahadi iliyofungwa mbele ya mashahidi haikuandikwa kwamba itadumu maadamu mwili una nguvu. Nabii Ayyub (A.S.) aliugua miaka, watu wakamkimbia, na kama walivyosimulia wafasiri, mkewe hakumkimbia. Qurani imemsifu Ayyub kwa subira. Na nyuma ya subira yake palikuwa na mikono ya mtu iliyomhudumia kila kucha.

Twapendekeza kwa wasimamizi wa misikiti yetu mambo matatu, na darasa yetu iko tayari kushirikiana nao. Iandikwe katika kila msikiti orodha ya wagonjwa wa muda mrefu wa mtaa na wanaowauguza. Pawe na zamu ya kuwazuru, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na ya kuwapokea wauguzaji usiku mmoja kwa juma. Na sehemu ya zaka na ya mapato ya wakfu, kwa kadiri sharti za waliouweka zinavyoruhusu, itengwe kwa wale wasioweza kulipa. Haya si makubwa kwa watu wanaoweza kujenga minara.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu wote. Wape subira wanaowauguza, na usiwaandikie uchovu wao kuwa ni kosa. Wakumbushe waliosahau, na uzilainishe nyoyo zilizokuwa ngumu. Na utujaalie, siku tutakapokuwa sisi ndio tuliolala, tupate mtu wa kutugeuza kwa upole.

Wabillahi Taufiq.